Vipaza Sauti Viwili

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo halizungumzwi mara nyingi katika kipindi kama hiki, nalo ni jinsi sauti mbili zilizotoka katika kinywa kimoja zinavyoweza kukutana hewani zikanyamazishana.

Pengine mtasema, mchungaji na mambo ya nyaya wapi na wapi? Lakini fikirini kidogo. Siku hizi maneno yetu sisi wahubiri hupita katika nyaya na betri kabla hayajafika masikioni mwa watu, wala si sisi peke yetu. Chifu ana kipaza sauti, daktari wa mifugo ana kipaza sauti, imamu naye anacho msikitini. Chuoni twajifunza kwa miaka namna ya kulitayarisha neno, kulipanga na kulisema, lakini ni nadra sana mtu kutuambia mahali pa kukitundika chombo kitakachobeba neno hilo.

Basi hebu twende pamoja kwa mawazo mpaka Buna, katika Kaunti ya Wajir, kwenye njia itokayo Wajir kwenda Moyale. Ninyi ambao hamjafika huko fahamuni kwamba ni nchi kavu ya vichaka na migunga, ambako ngamia ndiye tegemeo na maji ndiyo habari ya kwanza katika salamu. Jina la Buna limo katika historia ya vita, maana mwaka 1940 majeshi ya Italia yalipoiteka Moyale yaliteremka hadi hapo. Wengi wa wakazi wake ni Waislamu. Wakristo ni wachache, nao kwa kawaida ni walimu, wauguzi, askari na watumishi wengine wa serikali waliotoka pande nyingine za nchi.

Tuseme ni siku ya baraza. Meza imewekwa chini ya mti, watu wameketi mbele yake, wazee upande mmoja na akina mama upande mwingine, na vijana wamesimama nyuma. Vipaza sauti viwili vya pembe, vile vilivyo kama ua la tarumbeta, vimefungwa kwenye nguzo mbili, kimoja kulia na kimoja kushoto. Vyote viwili vinatoka katika amplifaya moja, na amplifaya inapata nguvu kutoka betri ya gari. Daktari wa mifugo anasimama kutangaza siku ambayo ngamia watachanjwa. Anasema “Jumatano.” Mzee mmoja aliyeketi mahali pabaya anasikia “Juma,” halafu mvumo. Je, ni Jumatatu, ni Jumanne au ni Jumatano? Ngamia zake ziko malishoni, mwendo wa siku mbili. Akikosea siku, atawafikisha wanyama wake kisimani kukiwa hakuna mtu, na katika mwaka wa ukame safari ya bure si jambo dogo. Huyo mzee hana uziwi. Jirani yake aliyeketi hatua tatu kando yake alisikia kila kitu barabara. Basi neno limepotelea wapi?

Ili tulielewe jambo hili, tuondoke barazani twende kwenye kisima kilichochimbwa kwa mashine, penye birika la saruji la kunyweshea mifugo. Ngojeni wanyama waondoke na maji yatulie. Tupeni jiwe moja, mtaona viduara vikienea, kila kimoja kina mgongo na nyuma yake bonde. Sasa tupeni mawe mawili kwa wakati mmoja, umbali wa kama mkono mmoja kati yake. Viduara vya jiwe hili vinapita ndani ya viduara vya jiwe lile, havigongani wala havizuiani. Lakini angalieni vizuri pale vinapopitana. Mahali ambapo mgongo umekutana na mgongo, maji yanapanda juu zaidi. Mahali ambapo mgongo umekutana na bonde, maji yanabaki tambarare kana kwamba hakuna jiwe lililotupwa. Hapo maji yametulia katikati ya mawimbi.

Sauti nayo ni wimbi, ila haipandi na kushuka kama maji. Kipaza sauti kinaisukuma hewa mbele na kuivuta nyuma, basi hewa inasongamana na kulegea, inasongamana na kulegea, na hali hiyo inasafiri mpaka sikioni. Msongamano ndio mgongo wa wimbi, na kulegea ndiko bonde lake. Vipaza viwili vikisukuma hewa kwa pamoja, mtu aliye umbali sawa na vyote viwili hupokea msongamano pamoja na msongamano, naye husikia vizuri sana. Lakini mtu aliye karibu zaidi na kimoja kuliko kingine, ikiwa tofauti ya umbali huo ni nusu ya urefu wa wimbi, hupokea msongamano kutoka kulia wakati uleule anapopokea kulegea kutoka kushoto. Hewa sikioni mwake inasukumwa na kuvutwa kwa wakati mmoja, basi inakaa kimya.

Tuweke hesabu kidogo, maana hesabu yake ni nyepesi na jua la kaskazini limetusaidia kuirahisisha. Sauti husafiri kwa kasi zaidi katika hewa ya moto kuliko katika hewa ya baridi. Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20, kama asubuhi ya baridi kidogo, sauti huenda mita 343 hivi kwa sekunde. Katika joto la nyuzi 35, ambalo si geni katika nchi kavu kama ile, huenda kama mita 352. Basi chukueni noti yenye mitetemo 352 kwa sekunde, noti ambayo mwanamke yeyote wa kwaya anaiimba bila shida. Wimbi lake lina urefu wa mita 1 kamili. Wekeni vipaza viwili umbali wa mita 4, simameni mita 20 mbele yake, halafu tembeeni polepole kutoka katikati kuelekea kulia huku noti hiyo ikipigwa mfululizo. Katikati sauti ni kubwa. Mkisogea mita 2 na nusu, sauti imedidimia. Mkifika mita 5 na kidogo, imerudi. Mkiendelea itadidimia tena. Uwanja wote umechorwa mistari ya sauti na kimya ambayo jicho haliioni, kama shuka la kikoi lenye mistari. Noti ikipanda ikawa na mitetemo 704, mistari hiyo inakaribiana mara mbili zaidi.

Mtu akiwa na vipaza viwili na kinanda kinachoweza kushikilia noti moja, anaweza kulijaribu jambo hili mchana huu huu mahali pa wazi. Aweke mkono juu ya sikio moja, maana masikio yetu mawili yako mbali kidogo na yanasaidiana, moja likiwa penye kimya lingine huenda likawa penye sauti.

Sasa kuna swali ambalo watoto wa shule huuliza, na ni swali zuri kuliko mengi ya watu wazima. Ile sauti iliyopotea imekwenda wapi? Nguvu haiwezi kutoweka tu. Jibu ni kwamba haikutoweka. Tuite nguvu ya kipaza kimoja fungu moja. Vipaza viwili vyatoa mafungu mawili. Lakini pale mgongo unapokutana na mgongo, wimbi linakuwa na kimo mara mbili, na nguvu ya wimbi hufuata kimo kilichozidishwa kwa chenyewe, mbili mara mbili, yaani mafungu manne. Pale penye kimya pana sifuri. Nne na sifuri, ukizigawanya sawasawa katika uwanja mzima, ni mbili. Hesabu imetimia. Kilichokosekana kwa yule mzee kimekwenda kwa jirani yake, ambaye amepata kupita kiasi bila kukiomba.

Kwa sababu hiyo, dawa ambayo watu wengi huikimbilia haifai kitu. Watu wakilalamika kwamba hawasikii, mwenye mashine huongeza sauti. Lakini akiongeza, vipaza vyote viwili vinaongezeka sawasawa, msongamano unakuwa mkubwa na kulegea kunakuwa kukubwa vilevile, na pale palipokuwa na kimya pataendelea kuwa na kimya. Wanaoumia ni walioketi mbele, na majirani. Tena yafaa tukumbuke kwamba Kenya ina kanuni za mwaka 2009 juu ya kelele za kupita kiasi, nazo zinatuhusu sisi wenye makanisa sawasawa na wenye baa.

Mtu wa kwanza kulieleza jambo hili kwa ufasaha alikuwa daktari wa Kiingereza aitwaye Thomas Young. Alizaliwa mwaka 1773 katika nyumba ya watu wa Marafiki, dhehebu lile ambalo wamisionari wake walifika Kaimosi mwaka 1902. Young alianza na sauti. Mwaka 1800 aliandika juu ya sauti na nuru pamoja, na kwa kuwa alikwisha kuona kwamba sauti mbili zaweza kufutana, alijiuliza kama nuru mbili nazo zaweza kuzaa giza. Wakubwa wa siku zake walisema nuru ni chembechembe, nao walimdhihaki sana. Lakini alipoipitisha nuru katika njia mbili nyembamba zilizo karibu na kuiacha ianguke ukutani, ilionekana mistari ya mwanga na giza, kama ile mistari ya uwanjani kwetu.

Watu wa pwani wao waliijua habari ya mawimbi mawili kabla ya Young, ingawa hawakuiita hivyo. Mwezi huinua maji ya bahari na jua huinua maji, kila kimoja kwa kipimo chake. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mivuto miwili inapatana, ndiyo bamvua, na pale Mombasa tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita 3. Wiki moja baadaye mivuto inapingana, mgongo wa jua unaangukia katika bonde la mwezi, na wavuvi wanasema maji mafu. Mwezi ni huo huo na jua ni hilo hilo.

Turudi kwenye vipaza sauti, maana mpaka hapa tumezungumza juu ya noti moja iliyoshikiliwa, na hakuna mtu anayehutubia baraza kwa noti moja. Usemi wa mtu una mawimbi mengi kwa pamoja. Mngurumo wa sauti ya mwanamume una mawimbi ya urefu wa mita 3 hivi. Herufi kama s, t na f hufanywa kwa mawimbi mafupi sana, ya upana wa kiganja na chini yake. Kila wimbi lina mistari yake ya kimya, mahali pake mbalimbali. Kwa hiyo huwezi kupata uwanjani mahali ambapo usemi wote umezimika. Unachopata ni mahali ambapo sehemu fulani za sauti zimetobolewa, kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Sauti inakuwa ya mtu aliye ndani ya pipa. Mtu anayeifahamu lugha tangu utotoni huyaziba matundu hayo kwa akili yake bila kujua. Lakini mama ambaye Kiswahili kwake ni lugha ya tatu, baada ya Kisomali au Kiborana na Kiarabu kidogo cha madrasa, hana kitu cha kuzibia. Sauti mbaya humwadhibu kwanza yule anayeielewa lugha kidogo kuliko wengine, na kwa kawaida ndiye aliyekuwa na haja kubwa zaidi ya tangazo lile.

Kuna tatizo jingine, na kwa maoni yetu hili ndilo linaloharibu mikutano mingi kuliko lile la mistari ya kimya. Watu wakiwa wengi, mafundi hupeleka kipaza cha pili mbali, pengine mita 30 nyuma. Sasa mtu aliyeketi karibu na kile cha nyuma anasikia neno mara mbili. La kwanza linatoka kwenye kipaza kilicho karibu naye, maana umeme katika waya hauchukui muda wa kuhesabika. La pili linatoka kule mbele, baada ya kutembea mita 30 hewani, nalo limechelewa kama sehemu 85 za sekunde iliyogawanywa mara elfu. Mtasema huo si muda. Lakini silabi moja ya usemi wa kawaida yachukua kama sehemu ya tano ya sekunde, basi silabi inakuja juu ya mkia wa ile iliyotangulia, “ta” inafunikwa na “ma,” “no” inafunikwa na “ta.” Ndipo Jumatano na Jumatatu zinapovaa kanzu moja.

Mwaka 1949 Mjerumani Helmut Haas alilichunguza jambo hili huko Göttingen. Aliona kwamba sauti ya pili ikichelewa kidogo tu, mpaka kama sehemu 30 za elfu moja ya sekunde, sikio huiunganisha na ya kwanza na kufikiri kwamba zote zimetoka kule ilikotoka ya kwanza. Haliisikii kama mwangwi, bali kama msaada. Ikichelewa sana, kama sehemu 50 na zaidi, inakuwa msemaji wa pili anayemkatiza wa kwanza. Katika joto la Buna, sehemu 50 ni mwendo wa mita 17 na nusu. Basi mwenye kukumbuka kipimo hiki kimoja, mita 17, ataokoa mikutano mingi. Mtu asisikie kwa nguvu iliyo sawa vipaza viwili ambavyo umbali wake kutoka kwake unatofautiana kuliko hapo.

Hapa twataka kusema jambo juu ya misikiti, kwa sababu tumewahi kusikia Wakristo wakidhani kwamba adhana za misikiti miwili zikisikika pamoja zaweza kufutana. La, haziwezi. Ili mawimbi yafutane na kuendelea kufutana mahali palepale, lazima yatoke katika chanzo kimoja, yatembee sambamba bila kuachana. Waadhini wawili ni watu wawili, kila mmoja na pumzi yake na koo lake. Mawimbi yao hukutana na kuachana mara nyingi katika sekunde moja, na sikio halipati mistari yoyote, lapata tu sauti mbili zilizojumlishwa. Vivyo hivyo kwaya yenye soprano ishirini. Wanaonyamazishana ni wale wanaosema neno lilelile kwa kipimo kilekile kutoka mahali pawili.

Sasa tuje kwenye nyaya, jambo dogo ambalo lagharimu dakika tano tu kulirekebisha. Kila kipaza sauti kina vichwa viwili vya waya, chanya na hasi. Fundi akiviunganisha sawasawa katika vipaza vyote viwili, vinasukuma hewa pamoja na kuivuta pamoja. Lakini akivigeuza katika kimoja, basi wakati cha kulia kinasukuma, cha kushoto kinavuta. Matokeo yake ni kwamba pale katikati, mahali palipopaswa kuwa bora kuliko pote, mahali wanapoketi wageni wa heshima na wazee, ndipo sauti inapokuwa nyembamba isiyo na kifua. Mngurumo ndio unaopotea zaidi, kwa kuwa mawimbi yake ni marefu na kusogea kidogo hakubadilishi neno. Watu husema maikrofoni ni mbovu, wakanunua nyingine, na maikrofoni haikuwa na kosa lolote.

Kwa vipaza vya sanduku, vile vyenye karatasi ya duara inayoonekana, chukueni betri ya tochi ya volti 1.5 na kuigusisha kwa nukta moja kwenye nyaya za kipaza, kikiwa kimefunguliwa kutoka kwenye amplifaya. Karatasi ikiruka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya. Uwekeeni alama ya rangi. Vipaza vya pembe havionyeshi utando wake, basi viwekeni viwili ubavu kwa ubavu, vikielekea upande mmoja, mtu asome habari kwa sauti ya kawaida, kisha geuzeni nyaya za kimoja. Hali ile ambayo sauti imejaa ndiyo sahihi. Ile ambayo sauti imekonda siyo.

Na mahali pa kuvitundika? Kwa baraza la kawaida au ibada ya nje, maoni yetu ni kwamba vipaza viwili vifungwe kwenye nguzo moja, juu ya msemaji au karibu naye, kimoja kikielekea kushoto na kimoja kulia, hivi kwamba kila mtu anahudumiwa na kimoja zaidi. Kutengana kwake kukiwa kwa upana wa mkono tu, tofauti ya umbali kwa msikilizaji yeyote ni ndogo, na mistari ya kimya haipati nafasi. Haipendezi machoni kama nguzo mbili zilizosimama pande mbili za jukwaa, twakubali. Watu wengi wanapenda jukwaa liwe na kulia na kushoto. Ikiwa watu ni wengi mno na lazima kuwe na kipaza cha nyuma, ama kielekezwe nyuma kabisa, kihudumie wale tu ambao cha mbele hakiwafikii, ama itumike mashine ya kuchelewesha sauti, ambayo huizuia sauti ya kipaza cha nyuma kidogo ili ile ya mbele ifike kwanza, sawasawa na uchunguzi wa Haas. Na kama hakuna mashine hiyo na uwanja ni mdogo, zimeni kipaza kimoja. Wengi hawaamini mpaka wasikie wenyewe kwamba kimoja kinaeleweka kuliko viwili.

Saa nayo ina maana. Mchana wa jua kali, hewa iliyo karibu na ardhi ina joto kuliko ile ya juu, na sauti hupinda kuelekea angani, basi walio mbali hawapati kitu hata kipaza kikipasuka. Jioni ardhi ikipoa, sauti hupinda kurudi chini na kusafiri mbali. Wafugaji wanaosikia kengele ya mti shingoni mwa ngamia kutoka mbali wakati wa magharibi wanalijua hilo vizuri. Baraza la saa kumi na moja jioni lahitaji nguvu kidogo kuliko la saa saba mchana.

Ubaya huu wa kufutana una wema wake pia. Mwaka 1936 Mjerumani Paul Lueg alipewa hati ya uvumbuzi huko Marekani kwa wazo la kuua kelele kwa kelele: kuisikiliza sauti isiyotakiwa, kuigeuza kinyume, mgongo uwe bonde, na kuitoa tena kwa kipaza sauti. Siku zile hapakuwa na mashine ya haraka ya kulifanya hilo vizuri. Mwaka 1989 kampuni ya Bose ilitoa vifaa vya masikioni vya namna hiyo kwa ajili ya marubani, na siku hizi marubani wengi wa ndege ndogo huvivaa, wakasikia maneno ya redio huku injini ikinguruma mbele ya magoti yao. Kipaza sauti chenyewe kilichozaa mambo haya yote si cha zamani sana. Ni mwaka 1915 ndipo Peter Jensen, mzaliwa wa Denmark, na mwenzake Edwin Pridham walipokionyesha kwa umati mkubwa huko San Francisco, jioni ya mkesha wa Krismasi.

Kabla hatujaagana, kuna jambo linalowahusu ninyi mnaotusikiliza hivi sasa. Wazee wetu waliokuwa wakisikiliza Sauti ya Kenya, kabla haijaitwa KBC mwaka 1989, wanakumbuka jinsi matangazo ya masafa ya kati yalivyokuwa usiku. Sauti yaja, yafifia, yapotea katikati ya habari, halafu yarudi. Hiyo nayo ilikuwa ni mawimbi mawili. Wimbi moja la redio lilifuata ardhi, lingine lilipanda likagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini, na yalipokutana kwenye redio yaliongezeana au yalifutana kadiri tabaka lile lilivyokuwa likipanda na kushuka. Mwingereza Edward Appleton aliitumia tabia hiyo hiyo. Desemba 1924, akiwa Oxford, alipokea mawimbi ya mtambo wa BBC uliokuwa Bournemouth, akahesabu jinsi yalivyofifia na kurudi urefu wa wimbi ulipobadilishwa kidogo kidogo, na kwa hesabu hiyo akajua kimo cha tabaka la angani bila kufika huko. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Wimbi la masafa ya kati lina urefu wa mita mia kadhaa, basi kuisogeza redio chumbani hakusaidii. Lakini wimbi la FM ni la mita 3 hivi tu, na likigonga ukuta wa mawe au paa la mabati hurudi na kukutana na lenyewe. Kutoka mahali pa kimya mpaka mahali pa nguvu huenda ikawa ni chini ya mita moja. Kwa hiyo ninyi mnaotupata kwa FM, kama tangu tulipoanza tumekuwa tukikwaruza, iondoeni redio hapo juu ya kabati na kuiweka upande wa pili wa meza.